« Sasa bwana yangu atakula nini? » Kambi za mine zinahitaji mafundi wa chakula

Ndugu mumoja wa kazi yetu, dereva wa beni kubwa mu mine, alirudi siku moja ku nyumba na karatasi ya hospitali. Walikuwa wamemupima damu na kukuta sukari iko juu sana. Karatasi ile iliandikwa kwa Kifaransa, ukurasa mumoja tu, imepita mu fotokopi mara mingi mpaka maandishi yalianza kufutika. Upande mumoja waliandika vitu vya kukataa: sukari, mafuta, chumvi, bukari, muchele, viazi, mukate mweupe, bia. Upande wa pili, vitu vya kula: mukate wa ngano nzima, yaourt bila sukari, samaki mweupe, brocoli, pomme.

Bibi yake aliniletea karatasi ile, sababu mimi ni delege wa sendika na nilimaliza humanités. Nilimusomea neno kwa neno. Aliniangalia, kisha akauliza: « Tata delege, sasa bwana yangu atakula nini? »

Sikuwa na jibu. Brocoli, mimi mwenyewe sijapata kuiona mu soko yetu. Bukari njo chakula chetu cha kila siku. Ukimukataza muntu bukari bila kumuonyesha kitu kingine cha kutia mu sahani, ni kama umemuambia akae na njaa.

Na yeye alikaa na njaa. Majuma mawili aliogopa karatasi. Asubuhi alimeza dawa ya kushusha sukari, akapanda beni, na saa sita hakula kitu. Kuna dawa zingine zinashusha sukari hata kama tumbo iko wazi. Siku moja jasho ya baridi ikamukamata, mikono ikatetemeka, macho ikaona giza. Mungu alisaidia, alipata nguvu ya kusimamisha gari pembeni. Kisha siku ile aliitupa karatasi na kurudilia kula kama zamani. Mwaka na nusu ulipita, kidonda kidogo kikaanza mu kiatu cha kazi. Leo ndugu yetu hana vidole viwili vya muguu, na hapandi beni tena. Wamemuweka ku geti anaandika namba za magari, na prime zake zote zimepotea.

Nimeeleza habari hii sababu ina sehemu ya pili. Ku hospitali kubwa kule walikomukata vidole, kulikuwa stajieri mumoja, binti wa miaka ishirini na kitu hivi, mwanafunzi wa nutrition-diététique. Yule binti hakumupa bibi karatasi. Alikaa naye ku benchi, akaanza kumuuliza: Mama, munakula mara ngapi kwa siku? Munanunua unga gani? Sufuria yenu ya bukari ni kubwa namna gani? Munatia mafuta ngapi mu sombe? Kwa siku munakuwa na franka ngapi za soko? Bwana anakula nini ku kazi, na saa ngapi?

Kisha alifunga mukono wake na kuonyesha ngumi: « Mama, bukari ya tata iwe sawa hii, haipite. Nusu ya sahani utie majani, lengalenga, sombe, kalembula, yenye uko nayo. Pembeni maharagi ao samaki, hata ndakala. Munkoyo anaweza kunywa kidogo, lakini usitie sukari. Na siku amemeza dawa, asiende ku kazi bila kula. » Mazungumuzo hayakupita nusu saa. Hakuna kitu hata kimoja cha kununua ku supermarketi. Bibi alirudi na kuniambia: « Kumbe ilikuwa njo hii tu? »

Ndiyo mama, ilikuwa njo hii tu. Lakini ilifika kisha vidole kukatwa, na kwa sababu hiyo ninaandika leo.

Mu kliniki ya kampani yetu tuko na munganga, tuko na wainfirmiers, laboratwari na ambulansi ya muzuri. Mutu wa kujua chakula, hatuna hata mumoja. Na mu nyumba zetu, watoto wetu wanaomaliza masomo hawajui kama kazi ile iko. Wanajua kazi tatu: ingenieri, munganga, avoka. Zaidi ya pale, wazazi tunaona ni kupoteza minervali.

Mimi pia nilikuwa vile. Binti yangu alipata diploma ya Etat mu sekisio ya biokimia. Alikuja kuniambia anataka kwenda kusoma nutrition ku ISTM. Nilimucheka. Nilimuambia: « Sikukulipia sekondari miaka sita juu uende kujifunza kupika bukari. Bukari, mama yako anaweza kukufundisha bila minervali. » Hakujibu kitu. Ilipita miezi, nikakutana na yule stajieri ku hospitali, nikasikia haya mbele ya mutoto wangu mwenyewe.

Hii kazi si kupika

Basi niwaelezee wazazi wenzangu yale niliyoyauliza na kuyafahamu. Institut Supérieur des Techniques Médicales, ile tunaita ISTM, ni shule kubwa ya Serikali inayofundisha kazi za hospitali. Mule ndani kuna masomo ya infirmier, ya laboratwari, ya radio, na mu ISTM kama ya Kinshasa na ya Lubumbashi kuna pia nutrition-diététique. Zamani mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya graduat, kisha mwenye uwezo akaendelea miaka miwili ya licence. Sasa, na mupango wa LMD, licence yenyewe ni miaka mitatu, na mwanafunzi anapashwa kukusanya kredi 180. Ya kuingilia ni diploma ya Etat.

Mu miaka ile mwanafunzi anasoma mwili wa muntu: tumbo, maini, figo, damu. Anasoma kemia ya chakula: proteini, mafuta, vitamini, chuma, iode. Anasoma namna ya kuhesabu nguvu ambayo muntu anahitaji kufuatana na umri, uzito na kazi yake. Anasoma magonjwa na chakula chake, usafi wa jikoni kubwa, chakula cha mama mwenye mimba na cha mutoto muchanga. Kisha anaenda mu staji ku hospitali na mu vituo vya afya, kati ya wagonjwa wenyewe. Nani atasema hii ni kujifunza kupika?

Fundi wa chakula hashike nafasi ya munganga. Munganga anatafuta ugonjwa na kuandika dawa. Fundi wa chakula anachukua neno la munganga na kuligeuza kuwa sahani yenye muntu anaweza kununua mu soko yake, kupika ku makala yake, na kula pamoja na watoto wake. Munganga mwenye wagonjwa hamsini kwa siku hana nusu saa ya kuuliza sufuria yako ni kubwa namna gani.

Nitoe mufano mwingine, juu ya watoto. Wamama wengi wanajua ule mukanda wa rangi wanaofungia mutoto ku mukono. Kwa mutoto wa miezi 6 mupaka miaka 5, mukono ukiwa chini ya milimetri 115 ni nyekundu, maana yake mutoto yuko mu hatari ya kufa. Sisi wazazi tukiona mutoto amekonda vile, mawazo ya kwanza ni kumulisha mingi, na haraka: nyama, mayai, mafuta. Lakini mwili wa mutoto aliyekonda sana hauwezi kubeba chakula kizito mara moja. Moyo unaweza kushindwa. Ku hospitali wanaanza na maziwa ya kipekee inayoitwa F-75, kidogo kidogo, kwa saa zilizopangwa, kisha mutoto akipata nguvu wanapita ku F-100 ao ku pâte ya karanga. Kupima maziwa ile kufuatana na uzito wa kila mutoto ni kazi ya muntu aliyesoma. Ukikosea hesabu, mutoto anakufa mu mikono yako, na wewe ulifikiri unamusaidia.

Na musiseme watoto wa wafanyakazi hawaguswi. Ule uchunguzi mukubwa wa afya uliofanywa mu inchi yetu mu 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao, sababu ya kukosa chakula bora muda murefu. Mufupi vile hatuone kama mugonjwa. Tunasema: « Ah, ni jamaa yao, baba yake pia ni mufupi. » Kumbe mutoto aliachishwa ziwa, na tangu siku ile ni uji wa unga mweupe, asubuhi na mangaribi, bila karanga, bila ndakala ya kutwanga, bila maharagi. Tumbo inajaa, lakini mwili haupati kitu cha kujengea. Na mu nyumba ile ile, baba ana tansio na sukari. Nyumba moja, mushahara mumoja, magonjwa mawili tofauti ya chakula.

Neno juu ya maziwa

Sasa niseme neno ambalo halitafurahisha watu wote mu sendika. Miaka mingi tumelomba maziwa. Kila mara tunapokaa na mwajiri, mu liste ya madai haikosi: maziwa juu ya wale wanaofanya kazi mu vumbi na mu asidi. Mimi mwenyewe niliandika dai ile kwa mukono wangu. Tunaamini kwamba maziwa inasafisha mapafu na inatosha sumu.

Siku moja nilimuuliza yule stajieri juu ya maziwa. Hakunicheka kama mimi nilivyomucheka mutoto wangu. Alisema: « Tata, maziwa inapita mu njia ya chakula. Vumbi inapita mu njia ya pumuzi. Hazikutani. »

Nilikaa na neno lile usiku muzima. Maziwa ni chakula kizuri, ina proteini na kalsiamu, na mwenye kuipata aikunywe kwa furaha. Lakini haitoshe vumbi mu mapafu. Vumbi ya mawe ikiisha kujeruhi mapafu, hakuna chakula kinachofuta kidonda kile. Kinga ni maji ya kutuliza vumbi, ni ventilasio, ni maski ya namna inayofaa na yenye kubadilishwa kwa wakati, ni kupimwa mapafu. Vitu hivi vina bei kubwa. Pakiti ya maziwa ina bei ndogo. Mwajiri akitupa maziwa na sisi tukaacha kudai juu ya vumbi, nani amepata faida? Wandugu, tumeuza mapafu yetu kwa pakiti ya maziwa, na tulipiga mikono siku tuliipata.

Tukiwa na fundi wa chakula aliyesoma, hatatuambia tu yale tunataka kusikia. Atatuambia sisi ukweli, na atamuambia mwajiri ukweli ule ule.

Zamani walitupimia

Wazee wa Katanga wanajua kwamba hesabu ya chakula haikuanza leo. Mu wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, mufanyakazi alipewa posho kila juma: unga, maharagi, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, karanga, chumvi. Neno lile liliingia mu luga yetu mupaka leo tunasema « posho moja » maana yake juma moja. Wazungu walipima posho kwa gramu. Hawakufanya vile kwa upendo. Miaka ya kwanza ya mine watu walikufa mingi sana, na kampani iliona kwamba mufanyakazi mwenye njaa na magonjwa hatoe shaba. Walitulisha sawa vile wanatia mafuta mu mashini. Na wakati wafanyakazi walisimama wenyewe kusema mushahara haitoshe, mu Desemba 1941, wakati vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu vyote, jibu lilikuwa risasi, hapa Lubumbashi, mu muji wenye wakati ule uliitwa Élisabethville.

Gécamines iliendelea na unga, na watoto wengi wa umri wangu tulikomaa na unga ule. Kisha kazi ilianguka. Mu 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka kwa ile waliita « départ volontaire », na nyumba mingi zilijifunza kula mara moja kwa siku. Leo kampani ni mingi, sutretansi ni mingi, na posho ya zamani haiko. Mahali pake kuna kantini iliyopewa kampani ingine, na hiyo inatafuta faida yake juu ya sahani yetu.

Mimi siombe warudishe gunia la unga la mukoloni. Ninaomba ile elimu ya kupima, yenye zamani ilikaa mu mikono ya mwajiri peke yake, iingie mu mikono ya watoto wetu. Aliyejua gramu zamani alikuwa upande wa kampani. Safari hii tuwe na wetu.

Wale wanaosema hapana

Ninajua majibu. La kwanza: « Delege, tatizo ni mushahara. Ukinipa makuta, nitakula muzuri bila kufundishwa. » Ni kweli nusu. Mushahara inabaki dai ya kwanza, na sitakubali mwajiri yeyote atuletee fundi wa chakula mahali pa kuongeza mushahara. Mwenye kukosa franka ya maharagi hahitaji masomo juu ya maharagi. Lakini tuangalie pia siku ya malipo. Juma la kwanza ni nyama, bia na sukari, juma la ine ni bukari na chumvi. Makuta ni ile ile, chakula ni tofauti. Na yule dereva wetu alikuwa na mushahara ya kutosha. Kilichomukosea ni muntu wa kukaa naye nusu saa.

La pili: « Mutoto akimaliza, atapata kazi wapi? » Hili ni swali la haki, na sitaficha. Wengi waliomaliza masomo ya hospitali wako ku nyumba, na hospitali za Serikali zinachelewa kuandikisha watu wapya. Diploma peke yake haileti mushahara. Lakini kazi haitoke mbinguni. Inatoka pale watu wanapoidai. Hata yule afisa wa usalama tunamuona leo na gile yake ya rangi, hakutufikia kwa wema wa mutu. Sheria ilimulomba, na wafanyakazi walimulomba. Fundi wa chakula atakuwa vilevile: siku tutamuandika mu konvansio kolektivi, nafasi yake itakuwa.

La tatu: « Manutritionniste wako tayari mingi, mu kila avenue. » Eh, hawa ninawaogopa. Muntu anauza poda mu mukebe, anasema inaponya sukari, tansio, tumbo na utasa, yote pamoja. Anamuambia mugonjwa aache dawa za munganga. Hakusoma mahali popote. Lakini dawa ya fundi wa uongo ni fundi wa kweli. Tukimukosa wa kweli, wa uongo atajaza nafasi, na atakula mushahara yetu.

Tunataka nini

Kwa kampani. Kila mine yenye kantini na kliniki iandikishe fundi wa chakula mwenye diploma. Aangalie kantini, usafi wa jikoni, mahali pa kulinda nyama na samaki, mafuta inayotumiwa mara ngapi. Nimeona mimi mwenyewe, ku kazi ya zamani, ekipi nzima ya usiku inakimbilia choo sababu ya samaki iliyokaa mu joto, na kesho yake wakaandika tu « indisposition ». Apange chakula cha wale wa usiku, sababu sahani nzito ya bukari saa munane ya usiku inamusinzisha muntu mbele ya volanti. Aone kwamba maji safi inafika mu karyeri kabla ya kiu. Na kila muntu mwenye sukari ao tansio akae naye kabla ya kurudi ku kazi. Code du travail ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi na jamaa yake mu ugonjwa. Kwetu, kumufundisha bibi namna ya kulisha bwana mugonjwa ni sehemu ya matunzo ile.

Kwa sendika. Tupeleke jambo hili mu comité de sécurité et d'hygiène, kule tuko na haki ya kusema. Tuliandike mu konvansio, na neno wazi: muntu, diploma, mushahara yake. Na bourse za watoto wa wafanyakazi zisikae tu ku geolojia, metalurjia na elektromekaniki. Hata nafasi mbili kwa mwaka za nutrition zingeanza njia.

Kwa wakubwa wa vijiji na miji. Code minier ya 2018 inasema 15 kwa 100 ya redevance minière inaenda ku entité ya pale pale, na kampani inatosha 0,3 kwa 100 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya jamii. Makuta ile inajenga kuta za vituo vya afya. Tulombe pia ilipe bourse ya mutoto wa kijiji aende kusoma, na arudi kufanya kazi ndani ya kuta zile. Mwenye kuketi mu kikao cha dotation kwa jina la jamii, aulizwe amesema nini juu ya hii.

Kwa wazazi na vijana. Kabla ya kulipa, uliza kama shule imekubaliwa na wizara, na kama ile filière iko kweli mu shule ya muji wako. Uliza laboratwari iko wapi, staji inafanywa ku hospitali gani, na nani analipa ile staji. Jumlisha makuta yote, si minervali peke yake: kuna bulusi, vitabu, transpore, na vitu vya laboratwari. Kijana aliyetoka mu biokimia atatembea muzuri zaidi. Aliyetoka mu sekisio ingine anaweza pia, lakini ajue kemia itamungojea mulangoni. Na hii si kazi ya wabinti tu. Mwanaume anayejua kuongea na wachimbaji juu ya chumvi, bia na lutuku bila kuwatukana, huyo tunamuhitaji sana.

Kwa wamama wa kambi, neno moja la heshima. Hakuna mwenye kusema hamujui kupika. Sombe munaipika mupaka inaiva sawasawa, na kwa kufanya vile munaondoa sumu yake. Bukari na maharagi munaviweka pamoja, na kimoja kinaongeza kile chenye kinakosekana mu kingine. Maarifa iko mu mikono yenu. Fundi wa chakula aliyesoma muzuri ataanza na kuwauliza, sawa vile yule stajieri aliuliza. Akianza na kuwakemea, mumurudishe ku shule.

Binti yangu nilimuita, nikamuomba musamaha. Mwaka huu nimemulipia sehemu ya kwanza ya minervali, na ya pili tunaitafuta. Yule bibi wa dereva, siku ya posta, majirani wanakuja kumuuliza sufuria ya bukari, na yeye anawaonyesha ngumi.

Karatasi ile ya hospitali ningali nayo. Nimeikunja mu kaye yangu ya madai. Siku tutakaa tena na mwajiri juu ya konvansio, nitaiweka ku meza, nitamusomea brocoli na yaourt, kisha nitamuuliza swali la mama yule. Ninaomba kila delege anayesoma gazeti hili auulize vilevile ku kampani yake.